Vigae Visivyotoka kwa Kitambaa

Funguo tatu nimeziacha juu ya friji ya soda. Ya chumba cha nyuma ni ile yenye uzi mwekundu. Ninyi mnaobaki dukani, Mama Furaha na wewe Klementina, mliniomba nisiondoke na kila kitu kichwani, basi nimenunua daftari. Mimi niliishia darasa la nne, Ujiji. Asiyeuelewa mwandiko wangu amwombe mjukuu wangu Neema amsomee. Neema yuko chuo kikuu hapo Braamfontein, na hilo nitalitaja tena kwa sababu ni kweli.

Mwaka 2008 nilikuwa nauza nyanya karibu na bustani ya Joubert Park, meza yangu imeegemea ukuta. Mwezi ule sisi wageni wa nchi nyingine tulipokuwa tunapigwa mitaani, meza ile ilivunjwa na watu niliokuwa nawauzia. Mmoja wao nilikuwa namwongezea nyanya moja kila siku kwa sababu alikuwa anatabasamu vizuri. Mwili wangu haukuguswa. Ila tangu siku hiyo mtu akinichekea namtazama mikono kwanza. Watu husema Gogo anashuku hata kivuli chake. Nakishuku ndiyo, kwa nini kinanifuata?

Gogo ndivyo wanavyowaita bibi huku. Kwetu gogo ni mti ulioanguka. Nilikubali, kwa magoti haya niliyonayo halikuwa tusi.

Mzee Manny, Mreno mwenye hili duka la filamu hapa Kensington, alikuwa anatafuta mfagizi. Siku ya kwanza alinionyesha ndoo, ufagio na bomba, akaenda kunywa kahawa. Nikafagia mbele, kwenye filamu za watoto na za kupigana na za Kihindi. Nikaona pazia jeusi nyuma. Mimi sifagii nusu nyumba. Nikaingia.

Nilitoka kinyumenyume kama niliyekanyaga nyoka.

“Mzee, huku nyuma kuna nini?”

“Filamu, Gogo.”

“Hawa watu nguo zao ziko wapi?”

Akakuna kichwa. “Ni halali. Nina leseni. Soma pale ukutani.”

Kilichokuwa ukutani kilikuwa Kiingereza kirefu kuliko elimu yangu. Niliona muhuri tu, na muhuri hata mwizi anaweza kuchonga. Jioni nikafika nyumbani, nikamtazama Neema, miaka kumi na miwili, kiatu cha shule kimefungwa kwa utepe wa zawadi kwa sababu kamba ilikatika. Kesho yake nikarudi na ndoo yangu. Aliyenisema kanisani kwamba nafanya kazi ya shetani nilimwambia shetani hajui kupiga deki, nimeyaona mwenyewe makochi yake kwenye zile picha.

Kufagia chumba cha nyuma ndiko kulikonipandisha mpaka kwenye kaunta. Mzee Manny alikuwa anaibiwa sana humo. Akagundua kwamba nikiwa ndani hakipotei kitu. Mwanaume haibi mbele ya mtu anayefanana na mama mkwe wake. Anachagua upesi, analipa upesi, anatoka bila kusahau hata mwavuli. Mzee akanitolea kiti, akaniweka mlangoni penye pazia, na kazi yangu ikawa tatu: kukagua umri, kukagua stika ya ruhusa ya serikali, kukagua sidii kabla haijauzwa.

Umri msiulize. Mtu atakwambia ishirini na moja bila kupepesa. Muulizeni alizaliwa mwaka gani, kisha mtazameni vidole. Mwongo huhesabu. Asiye na kitambulisho arudi alikotoka hata kama ana ndevu. Nimewahi kumrudisha mwanaume mwenye mvi, akanitukana kwa lugha tatu. Na mkaguzi wa serikali haji na sare. Huja na kofia ya timu ya mpira, anakuuliza kwa sauti ya chini kama una kitu ambacho hakijabandikwa stika. Mwenye kuuliza kwa sauti ya chini mjibuni kwa sauti ya juu.

Stika ikwaruzeni kwa ukucha. Ya kweli hubanduka vipande vipande. Ikitoka nzima, aliyeibandika ana kazi nyingine anayoficha.

Kukagua sidii nilifundishwa na Papa Deo, fundi wa deki za kuchezea sidii, mtu wa Bukavu, yule aliyekuwa anakaa kwenye meza ya kona na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa kitambaa cha fulana ya zamani akasema, “Mama, pangusa kutoka katikati kuenda inje. Hapana kuzungusha. Mukwaruzo ya kuenda inje naweza kuponesha na mashine yangu. Mukwaruzo ya kuzunguka inaua.” Akanionyesha taa: unainua sidii, unatazama mwanga, ukiona vitundu kama ungo unairudisha. Halafu unaiweka kwenye deki, sauti umezima, sekunde kumi mwanzo, kumi katikati, kumi mwisho. Mimi nilikuwa natazama pembe ya juu ya tivii, upande wa kushoto. Miaka yote hiyo sikuona zaidi ya dari na mapazia. Mapazia ya nchi nyingi nayajua.

Lakini kwenye boksi la kwanza la Kijapani, kwa kuwa mali ilikuwa ngeni kwetu, ilibidi nitazame, na hapo nilifanya kosa ambalo Papa Deo alilicheka mpaka alipostaafu yeye. Niliweka sidii ya kwanza, nikaona katikati ya picha kumejaa miraba midogo midogo, kama vigae vya bafuni vinavyotetemeka. Nikajua ni uchafu. Nikapangusa. Vigae vikabaki. Nikaweka dawa ya meno kidogo, nikapangusa tena. Nikaweka ya pili: vigae. Ya tatu: vigae. Tangu kufungua duka mpaka saa ya chakula nimesugua boksi zima, jasho linanitoka, nikaenda kumwambia Mzee Manny wametuuzia mali mbovu.

Papa Deo akaja, akatazama tivii, akavua miwani apate nafasi ya kucheka.

“Mama, haiko uchafu. Iko sheria!”

“Sheria gani inakaa ndani ya sidii?”

“Ya Japoni. Kwabo serikali inakubali filamu ya buchi, lakini pahali pa siri lazima bafunike. Wenye kutengeneza ndiyo banafunika, mbele ya kuuza. Asipofunika banamufunga.”

“Kwa hiyo anayenunua ananunua kisichoonekana?”

“Ee. Na haombi pesa yake irudi.”

“Na huku mbona hawafuniki?”

“Huku banafunika dirisha ya duka.”

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Kwao wanafunika mwili na duka liko wazi. Huku mwili uko wazi, na kioo cha duka tumekipaka rangi nyeusi. Sijui nani kati yao anamdanganya Mungu zaidi. Ila nilijua jambo moja: nimeshinda nusu siku nikijaribu kuifuta sheria ya watu kwa dawa ya meno.

Kuna desturi moja haikuandikwa popote, na msiivunje. Nje ya mlango hatujuani. Ukikutana na mteja kwenye robot, unangoja taa za barabarani, wewe tazama taa. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisani kwetu, mwenye kukusanya sadaka, alikuja hapa mara moja, akafunua pazia, akaniona. Tulitazamana kwa muda wa kukariri zaburi fupi. Akasema, “Natafuta betri.” Nikamwambia betri ziko mbele. Jumapili akanipitishia kikapu cha sadaka bila kunitazama, nikatoa, Mungu ndiye shahidi wetu sote wawili.

Sasa nije kwenye sanduku la viatu, maana najua habari zake ndizo mnazotaka.

Kama mwaka 2011 hivi alianza kuja mwanaume mmoja na begi mgongoni, ana miaka arobaini na kitu. Kila ukimwambia jambo anajibu “sharp, sharp”, yaani sawa sawa, tukamwita Shapu. Huyo alinichekea siku ya kwanza, nikamtazama mikono. Kucha ndefu za dole gumba, safi mno. Akaweka sidii kwenye kaunta, hazina kava, zimo kwenye bahasha za karatasi zenye namba kwa kalamu nzito.

“Za Kijapani, Mzee. Hizi hazina vigae.”

Mzee Manny macho yakamwaka. Wateja walikuwa wanamlalamikia vigae kila wiki. Mimi nikachukua moja, nikaikwaruza stika kwa ukucha. Ikatoka nzima.

“Stika hii umeitoa wapi?”

“Gogo, stika ni stika.”

“Stika hii ni ya ile filamu iliyofunikwa. Hii nyingine haijapita popote. Na kama kwao mtu anafungwa kwa kutofunika, hii imetokaje?”

“Mlango wa nyuma,” akasema Shapu, kama mtu anayejisifia. “Wanapiga picha bila vigae, vigae vinawekwa baadaye. Kuna mtu huko huichomoa kabla.”

Mzee Manny akaziweka kwenye sanduku la viatu chini ya kaunta yangu. Nikamwambia, “Mzee, wakija wakaguzi watamkuta nani amekaa juu ya hili sanduku? Wewe una pasi ya kusafiria. Mimi nina karatasi ya ukimbizi inayogongwa upya kila miezi sita, na anayegonga anangoja sababu ya kutogonga.”

“Gogo, nani atakuja Kensington kuuliza habari za Japani?”

Miezi michache baadaye akaja Mjapani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, koti la kijivu, mkoba wa turubai, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi. Wanawake chumba kile waliingia wachache, na daima wakiwa wawili wawili, wanacheka. Huyu aliingia peke yake na hakucheka. Akasimama mbele ya kiti changu, akainamisha kichwa, akasema:

“Shikamoo, mama.”

Lazima alinisikia nikimjibu mteja mwingine kwa Kiingereza changu, akajua nimetoka wapi kabla sijamwambia yeye neno. Nani anamtuma Mjapani mwenye Kiswahili kwenye duka la filamu za uchi kama si watu wa karatasi za ukimbizi? Sikuitikia marahaba. Nikasema, “Kitambulisho.”

Akatoa. Akanieleza bila kuulizwa kwamba alifundisha hesabu Tabora miaka miwili zamani, na sasa anafundisha Kijapani Braamfontein. Jina lake silitaji humu. Nitamwita Mwalimu. Akatazama rafu ya Kijapani yote, moja moja, anasoma maandishi ya nyuma. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini:

“Mama, hamna zisizofunikwa?”

Mnakumbuka nilichosema kuhusu sauti ya chini. Nikamjibu duka zima lisikie: “HATUNA!” Na Mzee Manny, mjinga yule, akatoka mbele mbio. “Tunazo, tunazo, mama!” Akavuta sanduku kutoka chini ya miguu yangu.

Mwalimu akapekua bahasha. Kwenye namba fulani vidole vikasimama. Akainunua hiyo na nyingine mbili juu yake. Baada ya wiki mbili akarudi, akakuta Shapu ameleta nyingine za namba ileile, akazichukua zote. Akarudi tena. Kila mara shikamoo, kila mara mimi nikijibu “kitambulisho”, ingawa namba yake nilikuwa nimeshaikariri.

Nilimfikiria kila kitu. Mkaguzi anayekusanya ushahidi. Mke anayemfuatilia mume. Mfanyabiashara anayenakili ili atuue sokoni. Jumamosi moja nikamwambia Papa Deo anishikie kiti, nikamfuata. Magoti yalipiga kelele barabara nzima. Alipita saluni, akapita spaza, kile kiduka cha Msomali, akaketi kituo cha basi. Nikajibanza nyuma ya nguzo ya matangazo. Akafunua skafu mapajani, akaweka sidii ndani, akaivunja. Krak. Akaweka ya pili. Krak. Akafunga vipande fundo, akatupa pipani, akapangusa mikono.

Mtu anayenunua kitu ili akivunje! Nilikuwa sijawahi kumshuku mtu wa namna hiyo, hata sikujua nianzie wapi. Nikatoka nyuma ya nguzo.

“Wewe ni wa serikali?”

Aliruka. “Mama! Hapana.”

“Basi nani? Mimi nina mjukuu shuleni. Kama unatuchimba niambie leo, nijue pa kukimbilia.”

Basi lake likaja, likaondoka bila yeye. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha Tabora, anachagua maneno kama mtu anayechambua mchele:

“Kabla ya Tabora nilifanya kazi hiyo. Filamu moja. Nilikuwa na miaka thelathini, mtu mzima, hakuna aliyenilazimisha. Mimi siyo wa kuhurumiwa, mama. Lakini nilikubali kwa sababu ya sheria. Walisema, utafunikwa. Niliweka sahihi kwa hiyo. Ile iliyofunikwa ipo, watu wameiona, sawa. Hii nyingine sikumpa mtu.”

“Uliijuaje iko hapa?”

“Mwanafunzi wangu mmoja alisema darasani kuna duka Kensington lina Kijapani bila vigae. Wakacheka. Mimi nikacheka nao.”

Hapo nikamwelewa kuliko alivyotaka. Alikuwa anangoja siku mwanafunzi huyo atakapotazama ubao, kisha atazame uso wake vizuri, kisha asicheke.

Nikakaa naye kwenye benchi. Nikamwambia, “Mwalimu, wewe hesabu unazijua lakini soko hulijui. Mimi nimeuza nyanya. Mteja akinimalizia ndoo nzima, kesho naleta ndoo mbili. Unadhani unazimaliza? Ni wewe unayemfanya yule mwanaume azinakili nyingi. Wewe ndiye mteja wake mkubwa.”

Akaweka mkono mdomoni. Nilimwona anajumlisha.

“Nifanye nini basi?”

“Usinunue tena. Usije mpaka mwezi upite.”

“Na wewe utafanya nini?”

“Mimi ni bibi mfagizi. Nitafagia.”

Nilisema hivyo kwa kiburi, lakini njia nzima kurudi dukani nilijiuliza: na kama amenidanganya? Machozi hakutoa hata moja. Hadithi ya watu ni kama stika, huenda ikatoka nzima. Kwenda kwa wakaguzi nilifikiri, nikaacha. Wangefunga duka, wangeniuliza karatasi, na Neema alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu afanye mtihani. Kilichokuwa mikononi mwangu kilikuwa kimoja tu. Kwa miaka minne kila sidii ya duka lile ilipita kwenye kitambaa changu, na nikisema nzima, ni nzima, nikisema mbovu, Mzee Manny hakuuliza mara mbili.

Jumatatu nikanunua waya wa kusugulia sufuria. Nikakata kipande, nikakikunja ndani ya kitambaa cha fulana. Bahasha zote za namba ile zilizobaki nikazipangusa kwa mzunguko, kama alivyonikataza Papa Deo, polepole, bila hasira. Nikaziacha ziuzwe. Ndani ya wiki mbili wateja wakaanza kurudi. Hakuna askari anayemtisha muuzaji kama mteja anayerudisha mali mbele za watu.

“Gogo, umezikagua hizi?” Mzee Manny akaniuliza.

“Nilikwambia tangu mwanzo yule mtu ana kucha ndefu.”

Shapu akaitwa. Akaja amevimba. “Eish, Mzee, mali yangu haina shida! Kuna mtu hapa ananichezea.” Akanitazama. Mimi natazama pazia. Akafungua begi, akatoa sidii moja kwenye kikasha kigumu, ameifunga kwa kitambaa cha miwani. “Hii ndiyo mama yao. Hizo zote nimezinakili humu. Sina nyingine. Iweke hapa hapa, tuone sote.”

Mzee Manny akaipokea, akanikabidhi. “Iweke, Gogo.”

Tivii hii hapa, deki hii hapa. Mzee kushoto kwangu, Shapu kulia, na mikono yangu katikati yao. Kama ningeiweka, ingecheza. Shapu angepona, sanduku lingejaa tena, na mimi ningekuwa mwongo mbele ya mwajiri, mgeni mwenye karatasi ya miezi sita. Na jambo jingine, niliseme: ningeiona sura. Ningejua mara moja kama Mwalimu alisema kweli. Mimi ambaye nakagua mpaka sadaka!

“Ina alama za vidole,” nikasema. “Kwanza nipanguse.”

“Pangusa,” akasema Shapu. “Sharp.”

Nikatoa kitambaa. Nikazungusha. Waya ulikuwa unalia kidogo, kama panya kwenye gunia, nikaanza kukohoa kifua cha kizee kufunika sauti. Nikazungusha mara ya pili, nikakohoa. Mara ya tatu. Nikaiweka kwenye deki. Deki ikanguruma, ikajaribu, ikanguruma, ikaitema nje.

“Haiwezekani!” Shapu akapiga kaunta. “Asubuhi nimeitazama nyumbani!”

“Labda deki yako haina macho,” nikasema.

“Yeye ndiye! Mzee, huyu bibi ndiye!”

Mzee Manny akanigeukia. Nikamuuliza kwa utaratibu, “Mzee, tangu nimekuja hapa, nimewahi kukudanganya kuhusu sidii?”

Akafikiri kweli. Ndiyo maana nilikuwa nampenda yule mzee, alikuwa anafikiri kweli. “Hapana, Gogo. Hujawahi.” Halafu akaongeza: “Mpe Papa Deo. Ana mashine, ataiponya.”

Papa Deo akanyoosha mkono kutoka kona yake. Akaiinua kwenye taa. Nilijua anachokiona: duara ndani ya duara, kama maji uliyotupia jiwe. Mtoto wa siku moja kwenye kazi hii asingeuliza zilitoka wapi. Akaigeuza, akaigeuza tena. Akanitazama juu ya miwani yake yenye uzi, muda mrefu. Sikumwomba. Sikujua hata nimwombe kwa lugha gani.

“Patron,” akamwambia Mzee Manny, “hii imekufa.”

“Mashine yako?”

“Mashine yangu inaponesha bagonjwa. Haifufue.”

Shapu aliondoka na begi lake akatutukana mpaka barabarani, na Mzee Manny akamrushia sanduku la viatu nyuma yake. Kwamba alikuwa na nakala nyingine mahali, sijui. Kwamba kuna duka lingine mji huu lina namba ile chini ya kaunta, sijui. Mtu wa begi simwamini hata akiapa kwamba hana kitu.

Saa ya chai Papa Deo akaleta kikombe chake karibu na kiti changu. Akakoroga sana sukari.

“Mama, huku dukani hatupike.”

“Hatupiki.”

“Sufuria hatuna.”

“Hatuna.”

“Basi ile waya chini ya sinki iko ya nini?”

“Usafi, Papa Deo.”

Akanywa chai yake. Hakuuliza tena, na mpaka alipostaafu alinicheka kwa dawa ya meno tu.

Mwezi ulipopita Mwalimu akaja. Shikamoo, akasema. Kwa mara ya kwanza nikaitikia: “Marahaba, mwanangu.” Kitambulisho sikuomba. Nikamwambia hakuna kilichobaki humu. Akainama, akabaki ameinama mpaka nikaona aibu mbele ya mteja mwingine, nikamwambia inuka, watadhani nimekutukana. Akaondoka bila kununua kitu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilimsindikiza Neema siku yake ya kwanza ya chuo, nimevaa kitenge kipya, natembea Braamfontein kama niliyejenga mimi. Mbele yetu akaja Mwalimu na wanafunzi wanne au watano wamemzunguka. Nikafuata desturi: nikatazama robot. Yeye hakufuata. Akasimama katikati ya wanafunzi wake, akapiga goti kidogo kama wanavyofundishwa wasichana wa Tabora, akasema kwa sauti ya juu kabisa, “Shikamoo, mama!”

Neema akanishika mkono. Anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Akauliza namjua wapi yule.

“Alikuwa mteja wangu wa nyanya,” nikasema.

Baadaye, nilipoacha kazi, nilimweleza yote, kwa sababu Neema hutunza siri, na jina sikumtajia. Akanihoji kama hakimu. Bibi, ulijuaje hakukudanganya? Uliona karatasi yoyote? Uliona ile filamu? Nikamwambia hapana. Miaka sita nimekwaruza kila stika kwa ukucha. Ile siku nilikuwa na sidii mkononi na deki mbele yangu, kujua kulikuwa ni kubonyeza kitufe kimoja. Kama alisema kweli, basi kuhakikisha ndiyo kosa lenyewe alilolikimbia, na mimi ningekuwa mtu mwingine aliyemwona. Kwa hiyo sikukagua. Ndiyo mali pekee iliyopita mikononi mwangu bila kukaguliwa.

Basi, Klementina, kitambaa cha fulana kiko droo ya kushoto, kimefuliwa. Pangusa kutoka katikati kwenda nje. Mtu wa begi akija, mtazame kucha. Na waya uko palepale chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Mkiulizwa, semeni ni wa sufuria.